Kitambaa Juu ya Kabati la Maabara

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kuwafungia kuku, Gentrix aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akatoa sindano yake ya kulabu na kuendelea kufuma. Mama yake alikuwa akisonga obusuma, yaani ugali, jikoni huku redio ikisoma habari. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, kwenye njia ya kwenda Shinyalu, na ukiingia humo hungekuta kitu kisichovaa nguo. Viti vilikuwa na vitambaa, meza ilikuwa na kitambaa. Redio, runinga, chupa ya chai na hata ndoo ya maji ya kunywa, vyote vilifunikwa kwa vitambaa vyeupe vyenye maua mekundu pembeni.

"Kwenu hata kuku wanavaanga vitambaa?" Elvis, aliyekaa naye dawati moja shuleni, alimuuliza siku alipokuja kuazima kitabu.

Gentrix hakukasirika hata kidogo. Kwao, na kwa majirani wengi, kitu cha thamani kikiachwa wazi ni kama mwenye nyumba hakijali. Tena vitambaa vyake vilikuwa na ufundi wa ziada. Tangu kuku mmoja mkorofi aliporuka juu ya runinga na kuburuta kitambaa pamoja na chombo cha maua, Gentrix alianza kushonea nailoni upande wa chini ili vumbi lisipenye. Kwenye pembe alitia kamba, ili kitambaa kifungwe imara na kisiburutwe tena na yeyote mwenye mbawa.

Aliyemfundisha kufuma ni Shangazi Beldina, dada ya baba yake, aliyeishi nyumba ya pili katika boma hilohilo pamoja na mtoto wake mchanga, Mitchel. Shangazi alifanya kazi katika maabara ya hospitali moja mjini. Alipima makohozi ya watu waliokohoa kwa muda mrefu ili ijulikane kama wana kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi huuita TB. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka, na Gentrix alimpenda kupita kiasi. Alikuwa amemfumia kitambaa kizuri kuliko vyote, na alikuwa akitafuta nafasi ya kumpa bila yeye kutarajia.

Nafasi hiyo ilipatikana Jumamosi. Shangazi alikuwa na kazi ndogo ya usafi maabarani, na baadaye walipanga kwenda sokoni kununua nyuzi.

"Wewe keti hapa kwenye benchi," Shangazi alimwambia walipofika. "Ndani hakuna mtoto anaingianga."

Gentrix aliketi. Lakini mvua ya Kakamega haina adabu. Mchana ule ilishuka kwa kishindo, ikichanganyika na mvua ya mawe, na upepo ukaisukuma mpaka kwenye benchi. Shangazi alipochungulia na kumwona mtoto wa kaka yake amelowa na kutetemeka, huruma ilimshinda. Alitazama huku na huku.

"Haya, ingia. Lakini usiguse kitu. Bwana Hezekiah akikupata hapa, mimi ndiye nitajieleza mpaka jioni."

Bwana Hezekiah alikuwa mkuu wa maabara, mzee mkimya mwenye miwani mizito, na hata wafanyakazi wake walimwogopa.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na harufu kali ya dawa ya kusafishia. Ukutani kulisimama kabati kubwa jeupe, refu karibu kufika darini. Mbele lilikuwa na kioo, na chini ya kioo nafasi nyembamba ya kupitisha mikono tu. Hakukuwa na chupa yoyote ya makohozi siku hiyo. Kila kitu kilikuwa kimepanguswa.

"Hili ndilo kabati letu la usalama," Shangazi alisema, naye akabonyeza kitufe. Kabati likaanza kunguruma taratibu. Alichana kipande cha karatasi laini, akakishika mbele ya ile nafasi. Karatasi ililala kuelekea ndani, kana kwamba kuna mtu anayeivuta.

"Umeona? Hewa inaingia tu, haitoki huku. Nikifungua chupa ya mgonjwa hapo ndani, vijidudu haviwezi kunirudia usoni. Hewa inavisukuma ndani, halafu kuna chujio…"

Hakumaliza. King'ora kidogo ubavuni mwa kabati kilianza kulia kwa sauti nyembamba ya kuudhi. Shangazi alisonya.

"Hiki nacho! Stima ikipungua kidogo tu, kinalianga kama mtoto amenyimwa chai. Kinatusumbua kutoka asubuhi mpaka jioni." Alikizima kwa kitufe cha pembeni, kisha akalizima kabati lenyewe. Papo hapo muuguzi mmoja alimwita kutoka ukumbini. "Nakuja sasa hivi, Gentrix. Simama hapo hapo."

Gentrix alibaki peke yake. Alilitazama kabati lile kubwa la thamani, na kadiri alivyolitazama ndivyo alivyolihurumia. Lilikuwa uchi. Darini kulikuwa na mijusi, na vinyesi vyao vilikuwa vimedondoka hapa na pale. Alivuta stuli, akapanda. Juu kabisa, mahali ambapo mtu aliyesimama chini hawezi kuona, palikuwa na sehemu ya bati iliyoinuka, imejaa matundu madogo madogo.

"Maskini, vumbi lote linaingia humu," alijisemea.

Kitambaa kilikuwa ndani ya mfuko wake. Alikitoa, akakitandaza juu ya yale matundu, upande wa nailoni ukiwa chini. Kilitosha kana kwamba kilikuwa kimepimwa. Akazifunga kamba zake kwa nguvu chini ya ukingo wa bati, fundo juu ya fundo, akashuka na kuirudisha stuli mahali pake. Moyo wake ulijaa furaha. Siku Shangazi atakapopanda kupangusa vumbi huko juu, atashangaa na kucheka mpaka machozi yamtoke! Shangazi aliporudi, Gentrix alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, mikono nyuma, mtoto mwenye adabu zake.

Jumapili walikwenda kanisani. Jumatatu Gentrix alikwenda shule, na Shangazi akaenda kazini.

Kipindi cha sayansi kilikuwa kabla ya mapumziko ya asubuhi. Mwalimu Osundwa aliingia darasani amebeba boksi la katoni, na wanafunzi wakanyoosha shingo. Mwalimu huyu hakuwa mtu wa kuandika ubaoni tu. Alipenda kuleta vitu. Upande wa mbele wa boksi alikuwa ameubandika nailoni inayopitisha mwanga, na chini ya nailoni akaacha nafasi nyembamba. Juu ya boksi alikuwa ametoboa tundu.

"Leo tunajifunza jinsi hewa inavyosafiri," alisema. Akawasha mshumaa mdogo na kipande cha dawa ya mbu, akaviweka ndani. Moshi ulipanda, ukatoka kwa tundu la juu kwa utaratibu, na hakuna hata mmoja wa waliokaa mbele aliyekohoa.

"Hewa safi inaingia kwa nafasi hii ya mbele, inasukuma moshi, moshi unatoka juu. Sasa nataka mtu jasiri. Elvis, njoo. Inama hapa mbele, utazame ndani."

Elvis aliinama, akitabasamu kwa kuringa. Mwalimu Osundwa alichukua kitabu cha mazoezi, akakilaza juu ya tundu.

Kwa muda mfupi hakikutokea kitu. Kisha moshi ulianza kuzunguka ndani ya boksi, ukawa mzito, ukashuka, na mara ukamwagika kwa ile nafasi ya mbele moja kwa moja hadi usoni mwa Elvis. Elvis aliruka nyuma akikohoa na kufikicha macho. Darasa zima liliangua kicheko.

"Mmeona?" Mwalimu alisema. "Hewa haiwezi kuendelea kuingia mahali ambapo haina pa kutokea. Ukiziba juu, kilichokuwa ndani kinarudi kwa yule aliyekaa mbele."

Gentrix hakucheka. Aliliona lile kabati jeupe, na nafasi yake nyembamba chini ya kioo. Aliona matundu ya bati kule juu. Aliona nailoni, na zile kamba alizozifunga fundo juu ya fundo. Na mbele ya kabati, saa hiyo hiyo, alimwona Shangazi Beldina amekaa, akifungua chupa za watu wanaokohoa.

Alitaka kusimama na kupiga kelele, lakini alibaki ameketi. Angesema nini? Kwamba aliingia mahali ambapo watoto hawaruhusiwi? Basi wangeuliza aliingizwa na nani. Bwana Hezekiah angemfukuza Shangazi kazi. Baba angemchapa. Na Mitchel, yule mtoto mchanga, angelishwa na nani?

Kengele ya mapumziko ililia. Wenzake walitoka mbio uwanjani. Gentrix alikwenda kusimama nyuma ya choo, mahali pasipo na watu, akajaribu kufikiri. Labda kabati halikufanana na boksi la Mwalimu. Labda Shangazi alikuwa ameshakiona kitambaa na kukitoa. Labda leo hakukuwa na wagonjwa. Mwishowe alipata wazo lililompa nafuu kidogo. Angesubiri mpaka jioni. Shangazi akirudi nyumbani, angemwambia kwa siri, pole pole, na kesho yake Shangazi angekitoa kitambaa bila mtu mwingine kujua. Hakuna atakayefukuzwa, hakuna atakayechapwa. Lilikuwa wazo zuri kabisa, lakini bado aliziona zile chupa zikifunguliwa.

"Gentrix, wewe ni mgonjwa?" Elvis alimkuta hapo. Macho yake bado yalikuwa mekundu kwa moshi. "Mbona umejificha huku?"

"Elvis," Gentrix alisema, "wewe unaijua TB?"

"Kwani nani hajui? Baba mdogo wangu alikuwa nayo. Alikohoa mpaka akakonda, suruali ikawa inaanguka. Alikunywa dawa miezi mingi sana. Alipona, lakini hata leo akipanda kilima cha kwetu anapumzikanga njiani." Elvis alimtazama vizuri. "Nani ako na TB? Ni mama yako?"

Gentrix alikuwa ameanza kukimbia. Alikimbia kupita uwanja, akapita watoto waliokuwa wakiruka kamba, akafika kwenye ofisi ya walimu akihema, na kusahau hata kubisha.

"Mwalimu," alisema, na machozi yakamtangulia. "Mwalimu, nimeziba tundu la juu."

Mwalimu Osundwa alidhani anasema juu ya boksi. Ilimbidi amketishe, ampe maji, na kumsikiliza tangu mwanzo. Kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyobadilika. Hakumkemea. Alichukua simu na kumpigia Shangazi Beldina, lakini simu iliita mpaka ikakatika, maana maabarani simu huachwa nje. Alipiga tena. Hakuna jibu. Akamweleza mwalimu mkuu kwa maneno machache, kisha akamshika Gentrix mkono wakatoka barabarani na kupanda bodaboda.

Njiani Gentrix aliona watu wakiendelea na shughuli zao, mama mmoja akichoma mahindi, vijana wakiosha pikipiki, na ilimshangaza kwamba dunia yote imetulia hivyo. Kila gari lililowazuia lilimfanya atamani kushuka na kukimbia. Akilini mwake alikuwa akihesabu chupa. Moja inafunguliwa. Nyingine inafunguliwa. Nyingine tena.

Bwana Hezekiah aliwapokea mlangoni mwa maabara. Alikuwa mrefu, na Gentrix alilazimika kuinua kichwa ili kuuona uso wake.

"Sema, mtoto," alisema.

Gentrix aliyasema yote. Kitambaa, nailoni, kamba, matundu. Sauti yake ilikuwa ndogo hata Mwalimu Osundwa alilazimika kumkumbusha aseme kwa nguvu.

"Na ni nani aliyekuingiza humo ndani?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa kuliko yote. Alitazama chini. Angeweza kusema aliingia mwenyewe, kwamba mlango ulikuwa wazi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alijua kwamba akianza kupunguza ukweli hapa, yule mzee anaweza kutilia shaka na hayo mengine, apoteze muda akiuliza, na Shangazi bado yuko ndani.

"Ni Shangazi Beldina," alisema. "Mvua ilikuwa inanipiga."

Bwana Hezekiah aligeuka na kutembea haraka kuliko mtu angedhani mzee kama yeye anaweza. Kwenye mlango wa chumba kulikuwa na kidirisha cha kioo. Aligonga mara kadhaa, kisha akaonyesha ishara kwa mikono: simama, funika chupa, toka nje. Mwisho alinyoosha kidole kuelekea juu ya kabati.

Gentrix alichungulia chini ya mkono wake. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya kabati, amevaa gauni, glavu, na barakoa ngumu iliyoziba pua na mdomo. Yalionekana macho tu. Macho hayo yalimtazama Bwana Hezekiah kwa mshangao, kisha yakashuka, yakamwona Gentrix amevaa sare ya shule. Halafu polepole Shangazi aliinua kichwa na kutazama juu ya kabati.

Alifunika chupa, akavua glavu na gauni kwa utaratibu kama walivyofundishwa, akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Bwana Hezekiah aliufunga kwa ufunguo.

"Hakuna mtu kuingia mpaka hewa ya humo isafike," alisema. "Beldina, leo asubuhi ulipima hewa kwa karatasi kabla ya kuanza?"

Shangazi alikuwa amevua barakoa. Kingo zake zilikuwa zimemwachia alama mashavuni. "Hapana, Bwana Hezekiah. Chupa zilikuwa nyingi. Niliharakisha."

"Na king'ora?"

"Nilikizima tangu Jumamosi."

Shangazi hakumtazama Gentrix. Hilo lilimuumiza kuliko fimbo yoyote. Alitamani Shangazi amgombeze, amfinye sikio, amwite mjinga. Shangazi alipita tu, akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu sana.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Kitambaa kilitolewa na mtu aliyevaa barakoa, kikafungwa ndani ya mfuko maalumu na kuchomwa moto pamoja na taka za hospitali. Kabati lilisimamishwa kazi mpaka fundi wa mitambo hiyo aje kutoka Kisumu. Shangazi naye alipumzishwa. Alipigwa picha ya kifua, akatolewa damu, na daktari akamwambia kwamba vipimo vya mwanzo haviwezi kusema kila kitu. Vijidudu vya kifua kikuu vikiingia mwilini hujificha kwanza. Ilibidi angoje majuma kadhaa, apimwe tena.

Baba hakumchapa Gentrix. Alipoambiwa habari hiyo alikaa kwenye kiti, akashika kichwa, akasema tu, "Dada yangu." Gentrix aliona afadhali angechapwa.

Usiku alilala akisikiliza. Nyumba ya Shangazi ilikuwa karibu, na madirisha ya mabati hayazuii sauti. Mtu akikohoa huko, hata kama ni koo tu lililokwaruzwa na moshi wa kuni, Gentrix aliketi kitandani, jasho likimtoka. Alikoma kufuma kabisa. Mitchel alipoletwa kwao ili abebwe kama kawaida, alirudi nyuma na kuificha mikono yake.

Siku moja alasiri Shangazi alimfuata kwenye karo la kuoshea vyombo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile.

"Kwa nini unamkimbia mtoto wangu?"

Gentrix alianza kulia. "Naogopa. Kama wewe uko na TB, Mitchel ataipata, na ni mimi nimewapa."

Shangazi aliketi juu ya jiwe kando yake. Alikuwa amepungua kidogo, na kicheko chake hakikuwa kimerudi. "Nisikilize, mwana wanje, mtoto wangu. Kuvuta vijidudu si kuwa mgonjwa. Mtu ambaye hajaugua hawezi kumwambukiza mwingine. Daktari ameniruhusu kumnyonyesha Mitchel. Angekuwa kwenye hatari, unafikiri ningemshika?"

"Na wewe, huogopi?"

"Naogopa," Shangazi alisema. "Naogopa sana. Nikiamka asubuhi, kitu cha kwanza navuta pumzi nione kama kuna mahali panauma." Alichukua sufuria moja na kuanza kuisugua kwa majivu. "Nilikukasirikia, nisikudanganye. Halafu nikajikasirikia mimi. Ndiyo maana sikuwa na maneno."

Waliosha vyombo pamoja mpaka vikaisha. Hofu haikuondoka, lakini tangu siku hiyo waliibeba wawili.

Fundi alikuja, akalichunguza kabati, akapitisha moshi mwembamba mbele yake mpaka aliporidhika kwamba wote unaingia ndani na hakuna unaorudi. King'ora kilipata kifaa cha kutuliza stima ili kisilie ovyo, na Bwana Hezekiah akatangaza kwamba hakuna atakayekizima bila idhini yake. Shangazi alipewa onyo kali, lakini hakufukuzwa. Bwana Hezekiah alisema kwamba aliyekubali makosa yake bila kumsukumia mtoto lawama bado anafaa kufanya kazi naye.

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha mwisho.

Siku ya majibu, Gentrix hakuelewa chochote alichofundishwa shuleni. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta Mama amesimama mlangoni kwa Shangazi, na Mwalimu Osundwa pia yupo, maana alikuwa ameahidi kupita kuuliza hali. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza amefika. Alivua viatu taratibu, akaviweka kando. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Sina kitu," alisema. "Mapafu yangu ni mazima. Damu ni safi."

Mama alipiga vigelegele hata majirani wakachungulia. Gentrix aliketi chini pale pale, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, wala hakuona aibu.

"Barakoa yangu ilinisaidia," Shangazi aliendelea, akiketi kando yake. "Kama ningekuwa nimeidharau nayo siku hiyo, labda tungekuwa tunasema mengine. Lakini kuna jambo sikuwaambia, kwa sababu nilitaka nipate majibu yangu kwanza." Alimgeukia Gentrix. "Siku ile Bwana Hezekiah alipogonga kioo, nilikuwa nimebakisha chupa chache tu. Zilipelekwa zikapimwe maabara nyingine. Moja ilikuwa na TB ile sugu, ile haisikii dawa za kawaida. Tena vijidudu vyake vilikuwa vingi ajabu. Ilikuwa imekaa mbele yangu kabisa. Ndiyo ingefuata."

Gentrix alikumbuka wazo lake zuri la kungoja mpaka jioni.

"Mimi," alisema kwa sauti ya chini, "nilitaka kungoja urudi nyumbani. Ili usifukuzwe."

"Najua. Mwalimu aliniambia yote uliyomweleza ofisini ukilia." Shangazi alimshika mkono. "Wewe ulikosea kwa sababu ulinipenda na hukuuliza. Ukikuta kitu usichokijua, uliza kwanza kinafanya kazi gani, hata kama unataka kukitendea mema. Mimi nilikosea vibaya zaidi, maana nilijua. Nilijua mtoto haingii humo. Nilijua king'ora hakizimwi. Nilijua karatasi inashikwa kila asubuhi. Nilizoea hatari mpaka nikaiona kama jirani." Alimvuta karibu. "Lakini habari ya kuokoa mtu haingojwi jioni, Gentrix. Hata ikiwa itakuletea aibu. Hata ikiwa itamletea aibu mtu unayempenda. Aibu nimeipata, na nimeizoea. Pumzi ningeitoa wapi nyingine?"

Mwalimu Osundwa alivua kofia yake na kutazama pembeni. Mama alikuwa akifuta macho kwa upindo wa leso.

"Haya, tosha," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alicheka. "Mwalimu hatatoka hapa na njaa. Gentrix, futa machozi uje tuchambue mboga."